Gari la Kulala, Makambako Mpaka Njombe

Ilikuwa saa tano na nusu usiku, mjini Makambako, kwenye yadi wanakolaza malori. Nilikuwa nimejilaza ndani ya Noah yangu, miguu inagusa mlango wa nyuma, mke wangu ubavuni, binti yetu wa miaka tisa amejibana upande wa dirisha. Mtu akagonga kioo. Aligonga kwa ncha ya kidole, mara tatu, kwa adabu. Nikasogeza pazia. Nje alisimama mlinzi, mtu mzima, koti refu mpaka magotini, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, tochi ameielekeza chini asitumulike usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeharibikiwa nini?"

Nikamwambia hatujaharibikiwa. Akafikiri kidogo. "Basi mmeishiwa mafuta." Mafuta yalikuwepo. "Gesti zimejaa?" Gesti hatukuuliza hata moja. Mzee akanyamaza, akalizunguka gari tairi kwa tairi na tochi yake, akarudi pale pale dirishani.

"Sasa mnalala humo kwa nini?"

Nikatoa jibu la kuungaunga, kwamba tunatembea tu, tunaangalia nchi. Akasema haya, baridi isiwaue, akaondoka. Lakini swali lake halikuondoka. Nimelibeba mpaka hapa studio, na leo nataka tulizungumze, maana katika siku nne za safari ile tuliulizwa tumeharibikiwa nini mara nyingi kuliko tulivyoulizwa habari za asubuhi. Kwetu sisi gari lililosimama na watu ndani yake ni gari bovu. Kilichobaki ni kukata matawi na kuyapanga barabarani.

Wenzetu wa ng'ambo wameshalizoea jambo hili. Volkswagen walianza kutengeneza kile kibasi chao maarufu mwaka 1950, na haikupita miaka miwili kampuni ya Westfalia ikawa inakifunga makabati na kitanda ili mtu na familia yake walale humo humo. Gari la namna hiyo wanaliita kempavani. Wapo wanaopita nalo hapa kwetu pia. Ukitoka Iringa kuelekea Mafinga, pale shamba la Kisolanza, utayakuta yamepanga foleni, yenye namba za nchi za mbali, na Mzungu amekaa kwenye kiti cha kukunja anakunywa chai anatazama ng'ombe. Mimi nilikuwa nikipita pale kwa basi, nawatazama, najiambia: huyu ana nini ambacho mimi sina? Ana gari. Na mimi nina gari.

Gari lenyewe ni Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S. Msikilizaji wangu wa Lupembe au Wanging'ombe hahitaji maelezo ya gari hili, kwa sababu amelipanda, tena akiwa mtu wa kumi na tatu ndani ya gari la watu wanane, na kuku mapajani. Niling'oa viti vya katikati na vya nyuma nikavihifadhi stoo. Fundi seremala mmoja pale Iringa akanichongea kitanda kwa mbao za paini, zile za Sao Hill, chini akaweka droo mbili. Godoro la inchi nne tulilikata kwa kisu cha mkate, na mpaka leo upande mmoja ni mfupi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, dumu la maji lenye bomba, taa mbili za sola, mapazia ya kitenge juu ya waya. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ya tahadhari vilikuwepo tangu zamani, maana bila hivyo hufiki mbali na trafiki. Tukaondoka Iringa Ijumaa mchana, mwezi wa Juni. Naomba ukumbuke hilo neno Juni.

Mpaka Makambako ni kama kilomita 160, na Mafinga iko katikati. Nilipanga tulale mahali pazuri, penye mti na mandhari. Giza la kipupwe liliingia upesi tukakosa mti na mandhari, tukafika Makambako, njia panda ambayo barabara kuu ya Zambia inaendelea kwenda Mbeya na nyingine inakata kusini kwenda Njombe na Songea. Usiku, mji ule ni wa malori. Malori kila upande, yanasubiri mizani, yanasubiri kupambazuke, na moshi wa nyama choma unapita chini ya taa zao. Nikaona geti limeandikwa kwa mkono kwamba wanalaza magari, nikaingia, nikalipa, nikaegesha Noah yangu kati ya semi mbili, kama mbuzi kati ya tembo.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninachojaribu si kitu kipya hata kidogo. Dereva wa semi ya kulia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kabini anavua viatu. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kitanda kimetandikwa shuka safi, na pazia, na taa ndogo, na picha ya watoto. Tanboi wake alikuwa chini ya tela anakoroga ugali kwenye jiko la mkaa. Kile nilichomlipa seremala anitengenezee, hawa wanacho miaka yote, na hakuna anayewauliza wameharibikiwa nini.

Tena barabara hii ina historia ya watu kulala garini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilifungiwa njia yake ya kusini, na mafuta yakawa lazima yapite huku kwetu. Yalibebwa kwa mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya udongo ambayo masika iligeuka uji. Madereva wa wakati ule waliiita njia ya jehanamu. Gari likinasa, dereva alilala pale liliponasa, usiku mmoja au wiki. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Stesheni yake iko pale pale Makambako. Saa nane usiku treni ya mizigo ilipita, honi yake ikaingia mpaka kwenye godoro, na binti yangu akauliza kama linakuja kutugonga.

Yule dereva wa semi alinifundisha mengi kuliko video zote nilizotazama kabla ya safari. Aliniambia nigeuze gari, uso uelekee geti, ili likitokea la kutokea nisianze kurudi kinyumenyume gizani. Aliniambia nisilale kamwe pembeni ya barabara peke yangu, hata kama pana mwezi na maua. Niegeshe penye mlinzi na penye wenzangu, na mlinzi nimsalimie kabla sijazima injini, nimweleze ni nani na ninaondoka saa ngapi. "Mlinzi akikujua jina," alisema, "umeshalala nusu." Mimi hilo la kumsalimia mlinzi sikuwa nimelifanya. Nilimlipa mtu wa getini nikadhani imetosha. Ndiyo maana mzee wa zamu ya usiku alikuja kugonga kioo: aliona gari asilolijua, lenye mapazia, lenye watu. Angefanya nini?

Sasa tuje kwenye Juni. Makambako ni mji wa upepo. Kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya kujenga mitambo ya umeme wa upepo huko. Upepo ule unapita chini ya gari na bati la sakafu linakuwa barafu. Tulikuwa na mablanketi matatu. Kufikia saa tisa usiku tulikuwa tumevaa kila nguo tuliyokuja nayo. Tukafunga vioo vyote, na huo ukawa ujinga wetu wa pili, kwa sababu pumzi ya watu watatu ina maji. Iligonga vioo vya baridi ikageuka matone, ikatiririka kwenye mapazia, ikaingia kwenye godoro. Asubuhi ungedhani tumenyeshewa. Acha kioo wazi kidole kimoja kila upande, hata kama meno yanagongana.

Na hapa, mpenzi msikilizaji, naomba upunguze kelele hapo nyumbani kidogo. Ule usiku wazo lilinijia la kwenda kuazima jiko la mkaa la tanboi, niliweke ndani ya gari dakika kumi tu, tupate joto. Mke wangu alinizuia. Kila msimu wa baridi katika nyanda hizi kuna watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga mlango, na asubuhi hawaamki. Mkaa unaowaka polepole hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Hutaisikia ikija. Utahisi usingizi tu, na wewe ulikuwa unautafuta usingizi. Noah ni ndogo kuliko chumba chochote. Jiko, la mkaa au la gesi, hupikiwa nje, milango wazi, kisha linazimwa. Joto la kulalia lipatie kwenye chupa ya maji ya moto uliyoifunga vizuri ukaiviringisha taulo.

Saa kumi alfajiri semi zote mbili ziliwashwa kwa pamoja ili zijaze upepo wa breki. Huo ndio mlio wa jogoo wa Makambako. Tukaamka.

Kutoka pale mpaka Njombe ni kilomita kama 60, lami, vilima, misitu ya kupandwa, mashamba ya viazi. Ni mwendo wa saa moja. Sisi tulitumia saa tatu, na kosa ni la Noah. Huku, Noah ni usafiri wa umma, na ukisimama kwa sababu yoyote ile, hata kumwacha mtoto ajisaidie, mlango wa pembeni unafunguliwa. Pale Mtwango nilisimama kununua parachichi. Kabla sijapewa chenji, mama mmoja alikuwa ameshaingia na ndoo yake, amekaa kitandani, anasema, "Njombe mjini." Akatazama mto, akatazama pazia, akamtazama binti yangu aliyekuwa bado amejifunika. "Kuna mgonjwa?" Nikasema hakuna. Tukamchukua. Baadaye tukamchukua na kijana mwenye jogoo. Mke wangu alicheka mpaka akatokwa machozi: tumetengeneza nyumba ya magurudumu, sasa ina wapangaji.

Nikiri jambo moja. Mtandaoni raha ya magari haya wanaisifu kwa neno uhuru. Unasimama unapotaka, humtegemei mtu. Nililiamini neno hilo mpaka nilipofika Mtwango. Nchi hii haina kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe au jirani anayekitazama. Ukiona uwanja mtupu, ni wa shule, au wa kanisa, au wa mnada wa Jumanne. Na utaratibu wa mgeni kujitambulisha ni wa zamani. Tangu enzi za TANU na mabalozi wa nyumba kumi, mgeni anayelala kijijini anajulikana amelala kwa nani. Mtu akilala kwenye gari, amelala kwa nani? Mwenyekiti wa kijiji ataandika nini kwenye daftari lake? Mimi sioni kuwa huo ni usumbufu. Ni swali lile lile la mlinzi wa Makambako, limevaa kofia nyingine. Gari linakupa kitanda. Mahali pa kulala unapewa na watu, na unapewa ukiomba.

Basi tukaingia Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya uliokatwa kutoka Iringa. Kabla ya mjini tulisimama kutazama maporomoko ya mto Luhuji, ambayo yako karibu kabisa na barabara, ukungu unapanda kutoka kwenye maji. Hapo nilipata mandhari niliyoyakosa usiku wa kwanza. Nikatoa jiko la gesi nje, nikainjika maharage, nikijisifu kwamba sasa ndiyo safari yenyewe. Saa tatu baadaye maharage yalikuwa bado yanagonga meno. Si kosa la gesi. Ukipanda juu hivi, maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 93 badala ya 100, na maharage hayana haraka na mtu. Loweka tangu jana yake. Wenyeji wanajua, mimi wa Iringa, ambako nako ni juu, sina cha kujitetea. Tulikula parachichi na chumvi.

Jioni ikaja shughuli kubwa kuliko zote: shangazi.

Shangazi yangu anakaa Njombe, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba yenye ua mpana na miti ya mapeasi. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia tunakuja kumsalimia. Sikumwambia kuhusu kitanda. Tukafika, "Kamwene, kamwene," tukakumbatiwa, tukaletewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, moto umewashwa jikoni. Nikauliza ulanzi, akanicheka: msimu wa mvua ndio wa kugema mianzi, Juni unataka ulanzi wa wapi? Kila kitu kizuri. Kisha nikasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Shangazi, usihangaike na vyumba, sisi tutalala kwenye gari hapo uani."

Kimya.

"Mwanangu," akasema, "nimewakosea nini?"

Nikaanza kueleza. Kempavani, Wazungu, Kisolanza, kitanda cha seremala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jirani yake ana madirisha mawili yanayotazama ua huu. Kesho watu watasema mtoto wa marehemu kaka yangu amekuja na mke na mtoto, nimewalaza nje kama mbwa, kwenye baridi hii. "Utapita mlango kwa mlango uwaeleze mambo ya Wazungu?" Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameshachukua begi analiingiza ndani.

Tulilala kwenye chumba cha wageni, chini ya mablanketi manne mazito, kwenye kitanda cha chuma kinacholia ukigeuka. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nisidanganye. Fedha za seremala zile. Lakini saa nne usiku nilitoka kuangalia kama nimefunga gari, nikakuta taa za sola zinawaka na vicheko ndani. Binti yangu na wajukuu watatu wa shangazi walikuwa wamejipanga kitandani kama dagaa, wamejifunika mablanketi yetu yote, wanasimuliana hadithi za Nyumbanitu, ule msitu wa Wabena wenye kuku weusi wasioguswa na mtu. Shangazi naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha abiria, khanga mabegani na koti juu yake, anawasahihisha.

"Kioo nimekiacha wazi kidole kimoja," akaniambia. Mke wangu alikuwa amemwelekeza. Na yeye alikaa nao pale mpaka walipolala.

Kwenye hifadhi ya Kitulo hatukwenda. Nilikuwa nimepanga tupande Makete tukaone ile wanayoiita Bustani ya Mungu, lakini maua yake yanachanua kati ya Novemba na Aprili, na Juni ungekuta nyasi na umande ulioganda. Itakuwa safari nyingine, na safari hiyo nitampigia simu mapema mtu wa huko, niombe kuegesha uani kwake, nimweleze kwamba sina ugomvi na ndugu zangu.

Kwa wenye halmashauri zetu, kama mnanisikia, nina ombi moja dogo. Watanzania wenye Noah na hamu ya kutembea ni wengi kuliko mnavyodhani, na chumba cha hoteli kwa familia ya watu watano kinaumiza. Uwanja wenye choo safi, bomba la maji na mlinzi mmoja hauhitaji mfadhili wala mchoro wa mhandisi. Yadi za malori Makambako zimeshaonyesha kwamba watu watalipa. Ongezeni bafu lenye maji ya moto tu, kwa heshima ya Juni.

Jumatatu tukaaga. Nikiwa nakagua maji ya injini, nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Shangazi na vijana wawili walikuwa wanaingiza gunia la viazi, lumbesa, limefungwa kilemba juu, lile ambalo serikali imelipiga marufuku miaka na miaka na Njombe bado linafungwa. Nyuma yake zikaja parachichi, ndoo mbili, na mikungu ya ndizi. Kila kitu kilipangwa juu ya kitanda. Kitanda hakikuonekana tena.

Makambako tulipita saa tisa alasiri. Nilikata kona mpaka kwenye yadi, nikamwachia mzee wa zamu ya usiku parachichi tano kwa mwenzake wa mchana, na jina langu. Tulifika Iringa saa mbili usiku, tukalala nyumbani. Kitanda cha paini bado kina udongo wa Njombe.